Nasaha kwa Mwandishi Mchumia Riziki

Wako watu si haba hapa Mpanda, na katika kata yetu ya Kashaulili hasa, waliojaliwa hamu ya kutunga hadithi au mashairi, lakini hamu hiyo huiahirisha mwaka baada ya mwaka kwa hoja moja tu, nayo ni kwamba wanangojea wasaa. Mwalimu angojea kustaafu. Karani wa ghala angojea msimu wa kununua mahindi upite. Muuguzi angojea zamu za usiku zipungue. Kijana wa bodaboda angojea siku atakapomaliza mkataba wa pikipiki. Na mama mwenye genge angojea watoto wakue. Watu hao ndio niliowakusudia katika makala haya, na kauli yangu kubwa ni kwamba wasaa huo hauji kwa kungojewa, wala haukuwajia wale ambao leo twawaita mabingwa wa fasihi yetu. Na atakaye kutunga hana budi kuitafutia kalamu nafasi ndani ya shughuli zake za riziki kama zilivyo, na kila chombo kipya kinacholetwa na zama akitumie kubebea kazi yake, asikiachie kuitenda.

Tuwatazame waliotutangulia. Shaaban Robert alishika ukarani wa forodha mwaka 1926, akawa nao hadi 1944, kisha akahamishiwa idara nyingine za serikali ya kikoloni, ikiwemo ile ya wanyama pori na ile ya kupima ardhi. Na sehemu kubwa ya tungo zake, za nathari na za nudhumu, alizitunga akiwa mtumishi wa mshahara, mwenye jamaa ya kulisha na mkubwa wa kazi wa kumjibu. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alifanya kazi ya hukumu mahakamani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa mhubiri wa dini alipotoa, mwaka 1954, kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam na Waziri wa Sheria. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobeli ya fasihi mwaka 2021, alisomesha chuo kikuu huko Uingereza miaka mingi huku akitunga riwaya moja baada ya nyingine. Hakuna katika hao aliyekaa barazani akingoja faragha imjie.

Wala tusitafute mifano mbali, ilhali mmoja uko katika mkoa wetu wenyewe. Huko Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, aliishi Adrien Atiman, ambaye alitekwa utumwani utotoni katika Afrika ya Magharibi, akakombolewa na mapadre wa White Fathers, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao ule hadi kufa kwake mwaka 1956. Mtu mwenye wagonjwa mlangoni kila asubuhi, asiye na wa kumpokea zamu, ndiye hasa mwenye udhuru wa kutoandika. Lakini Atiman aliandika habari za maisha yake kwa kauli yake mwenyewe, nazo zikachapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Aliyewahi kutibu mtu mmoja tu kwa zamu moja tu ataielewa vema thamani ya kurasa zile.

Udhuru wa pili ninaousikia mara kwa mara ni wa umbali. Husemwa kwamba wachapaji wako Dar es Salaam na Nairobi, na sisi tuko Katavi, mkoa uliozaliwa juzi, mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Basi nani atatusikia? Hoja hii haina nguvu mbele ya historia. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, mashairi yake yaliletwa kwa posta na makarani, walimu na askari waliotawanyika Tanganyika nzima, baadhi yao katika vituo ambako barua ilifika kwa miguu ya tarishi. Amri Abedi na Saadani Kandoro, malenga wawili wa daraja la juu, wote ni wazaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini. Reli yetu hii ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, ilikuwa kwa miaka mingi njia kuu ya barua, magazeti na vitabu. Leo pana barabara ya lami ya kwenda Tabora, vifurushi vyatumwa kwa basi, na mswada wa kurasa mia tatu wafika Dar es Salaam kwa simu kabla chai haijapoa. Umbali uliobaki ni ule wa moyo.

Baada ya kuziondoa nyudhuru hizo mbili, na tuingie katika matendo. La kwanza ni saa. Mtu mwenye kazi asijiahidi kuandika apatapo nafasi, kwa maana nafasi isiyo na jina huliwa na kila mwenye haja. Bali achague saa moja maalumu, aitaje, na watu wa nyumbani waijue. Kwa wengi wetu saa hiyo ni kumi na moja alfajiri, kabla ya moto kuwashwa na kabla ya pikipiki za kwanza kunguruma; kwa mwenye zamu ya usiku huenda ikawa saa nne asubuhi baada ya usingizi mfupi; na kwa kijana wa bodaboda ni ile saa ya mchana ambapo jua limewafungia abiria majumbani, naye yupo kijiweni chini ya mwembe akipiga soga. Kiasi chake na kiwe kidogo hata mtu asipate sababu ya kukikwepa: ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa mmoja kwa siku tano za juma ni kurasa 260 kwa mwaka, nacho ni kitabu kamili. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na watu wa Katavi, wenye mizinga msituni, hawana haja ya kufasiriwa methali hiyo.

Katika saa hiyo zipo adabu mbili zenye manufaa makubwa. Moja ni kuacha kuandika mahali ambapo bado unajua kitakachofuata, hata ikibidi kuikata sentensi katikati, ili kesho yake usianze kwa kulikodolea macho karatasi tupu. Ya pili ni kutosoma ya jana kwa nia ya kuyasahihisha mpaka sura nzima imalizike. Kwani mwenye saa moja kwa siku akiitumia katika kupamba aya ya kwanza, atakuwa na aya nzuri mno isiyo na kitabu. Na msimu wa kazi nzito unapowadia, kama vile wakati wa mavuno au wa mitihani, usiikate ada hiyo, bali ipunguze. Nusu ukurasa huushikilia uzi, ilhali mwezi mzima wa kimya huwafanya wahusika wako wawe wageni kwako.

La pili ni jambo la kuandikia. Wengi wanaoanza hukimbilia kusimulia majumba ya kifahari ya miji wasiyopata kuikanyaga, wakidhani kwamba mji wao ni mdogo mno kuwa hadithi. Nenda sokoni ukamtazame mama anayeuza dagaa waliopanda gari kutoka Ikola au Karema. Huchota kwa kiganja akajaza kopo, akaongeza hadi kilele kikasimama na dagaa wakaanza kuteleza kando. Kisha hukizungushia kilele kile mkono wa kushoto asipotee hata mmoja wakati anapomimina mfukoni. Na ukimdai nyongeza hukupa, lakini huichota kwa vidole vitatu, si kwa kiganja. Katika vidole vile vitatu mna nauli ya gari, mna marejesho ya mkopo wa kikundi, mna ada ya mtoto. Mwandishi aliyeviona hana haja ya kutuambia kwamba maisha ni magumu. Akivitaja vidole vile tu, msomaji atajua.

Na nje ya soko mna utajiri usiokadirika. Mna Wapimbwe, Wabende na Wakonongo na visa vyao vya mizimu na mawindo, tangu hapo Hifadhi ya Katavi haijaitwa hifadhi. Mna Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao. Mna wazee waliochimba risasi chini ya wakoloni. Mna jamaa waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakakalishwa Katumba na Mishamo, na wengi wao wakapewa vyeti vya uraia mwaka 2014 baada ya kuzaa na kujukuu katika ardhi hii. Kitabu kinachojulikana sana ulimwenguni juu ya watu wa Mishamo ni cha mwanaanthropolojia Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995 kwa Kiingereza, nacho ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini nafasi ya riwaya ya Kiswahili itungwayo na mtu aliyekulia kule, aliyeyasikia mambo hayo jikoni kwa bibi yake, bado ni pana. Mnyampala alilijua hilo mapema, na mwaka 1954 akatoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo wenziwe. Waendee wazee, waombe ruhusa kwa adabu, sikiliza zaidi ya unavyouliza, na jina la mtu usilitie katika maandishi bila ridhaa yake.

La tatu ni hifadhi ya kazi. Mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na kila aliyekaa hapa anajua maana ya giza la ghafla. Fauka ya hayo simu huibiwa, huanguka majini, na kioo chake hupasuka siku ambayo huna hata shilingi ya fundi. Kwa hiyo ninashauri daftari liwe asili na simu iwe nakala: andika kwa kalamu katika kaunta buku, tia tarehe juu ya kila ukurasa, na mwisho wa juma upige picha kurasa zote na kujitumia kwa barua pepe, ili mswada uwepo mahali pawili pasipoweza kuungua pamoja. Anayependa kuandika moja kwa moja katika simu na afanye hivyo, mradi azime data katika saa yake, na azime pia ule usahihishaji wa simu unaoyadhania maneno ya Kiswahili kuwa Kiingereza kilichokosewa. Na siku utakapopeleka mswada stesheneri ukachapwe, kaa karibu na mchapaji, ondoka na faili lako, na uombe nakala iliyobaki katika kompyuta ya duka ifutwe mbele ya macho yako. Si kwamba watu wa maduka hayo ni waovu, la hasha. Bali kompyuta ile huguswa na mikono mingi.

Sasa tufike kwenye jambo linalowashughulisha vijana kuliko yote, nalo ni hii akili mnemba, ambayo ukiiagiza riwaya hukuletea riwaya kabla hujameza mate. Wako wanaoiogopa kabisa na wako walioikabidhi kalamu; na kwa maoni yangu wote wawili wamekosea. Chombo hiki ni mpagazi mwenye nguvu, na mpagazi hupewa mzigo, hapewi safari. Mpe kazi ya kunakili sauti ya mzee uliyemrekodi, kisha uisahihishe kwa sikio lako. Mpe aya yako akuonyeshe neno ulilolirudia kupita kiasi. Mpe kanuni ndefu za shindano akufupishie, kisha urejee kanuni zenyewe uhakikishe. Lakini usimtume kutunga, na sababu si ya maadili peke yake. Chombo hicho hufuma maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi kiliyolishwa, na madhali yaliyoandikwa juu ya Mpanda ni machache, ukikiomba soko la Mpanda kitakupa soko la mji wowote ule, lenye rangi za kupendeza na harufu ya viungo, pasipo kopo la dagaa wala vidole vitatu. Zaidi ya hayo, kikiwa hakijui huenda kisinyamaze, bali kikasema uongo kwa uso mkavu. Na Kiswahili chake mara nyingi huwa ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Anayekisoma kila siku ataanza kukiandika bila ya kujijua.

La nne ni njia za kuwafikia wasomaji. Njia iliyo karibu ni ile ya kutoa hadithi kwa mfululizo katika Facebook au makundi ya WhatsApp, ambako watunzi wengi wa Tanzania hutoa sehemu za kwanza bure, na zilizosalia wakaziuza kwa malipo ya simu. Siidharau njia hiyo. Ni mrithi halali wa hadithi za magazetini walizokuwa wakingojea baba zetu kila juma, na humfunza mtunzi kumaliza sehemu kwa wakati na kumshika msomaji asimtoroke. Ila nina hadhari mbili. Usianze kutoa sehemu ya kwanza kabla hujamaliza ya mwisho, maana shangwe za wasomaji humvuta mtunzi asiye na mpango hadi asipokusudia. Na kila sehemu iwe na jina lako, nambari yake na tarehe, kwa kuwa wako watu ambao kazi yao ni kunyofoa jina la mwenyewe na kubandika lao.

Juu ya haki, jua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yakulinda tangu uandikapo, hata kabla ya kusajili popote, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Watoto wako ni warithi wa kitabu kama walivyo warithi wa shamba. Basi akikujia mchapaji, usisaini kwa furaha. Muulize mrabaha ni asilimia ngapi na walipwa lini. Nakala ngapi zitachapwa. Mkataba ni wa miaka mingapi. Na je, haki ya kitabu cha kielektroniki, cha kusikiliza na cha tafsiri ni yake au ni yako. Anayekutaka uuze haki zote kwa mkupuo siku una shida ya ada, mwombe juma moja la kufikiri, na katika juma hilo umtafute mtu aijuaye sheria akusomee.

Kwa aliye na mswada kamili, milango miwili iko wazi bila kujali anwani yake. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, isimamiwayo na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Na ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ambayo hupokea miswada isiyochapwa bado. Soma masharti ya mwaka unaoshiriki, tuma kabla ya siku ya mwisho, kisha usahau. Anza kazi nyingine.

La tano, na gumu kuliko yote, ni nyumba. Kuandika huonekana kwa wengine kama kukaa bure, na mke au mume aliyekuona umeinama juu ya daftari ilhali bomba halina maji ana haki ya kuuliza. Mweleze waziwazi, taja saa yako na mipaka yake, nawe utimize wajibu wako nje ya saa hiyo bila ya kusukumwa. Kwa akina mama mzigo huu ni mzito maradufu, nami nawasihi waume wawape wake zao saa ile kwa hiari, si kwa hisani. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi wake mashuhuri mnamo 1858 akiwa mgonjwa, naye hakuishi sana baada ya hapo; fasihi yetu ingekuwa na pengo kubwa lau mtu angemwambia apumzike, shughuli za nyumbani zamtosha.

Wala usiache kazi yako kwa kutumainia kitabu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia mkononi. Shaaban Robert naye hakuviona Kufikirika na Utubora Mkulima vikitoka, kwani vilichapwa mwaka 1967 na 1968, naye alifariki mwaka 1962. Sisemi haya ili kukuvunja moyo, bali upime mambo kwa insafu: malipo ya kitabu yaweza kuchelewa kuliko umri wa mtunzi, na mwenye mshahara, genge au pikipiki ndiye awezaye kuyangojea bila kuuza haki zake kwa bei ya kutupa.

Basi, ndugu msomaji wa Kashaulili na wa kokote uliko, ikiwa hamu ya kutunga unayo kweli, nunua kaunta buku leo, itaje saa yako mbele ya watu wa nyumbani, na kesho uandike ukurasa mmoja juu ya jambo uliloliona kwa macho yako katika mji huu. Keshokutwa uandike wa pili. Mabingwa niliowataja hawakupewa zaidi ya hapo.